Kikapu Kilishajibu

Nje ya Soko Kuu la Iringa, wauza mboga wanapopanga mafungu ya mchicha na nyanya, hakosekani mama mmoja mwenye vikapu vya milulu. Amevipanga kimoja ndani ya kingine, vikubwa chini, vidogo juu. Haiti wateja. Mikononi ameshika kikapu ambacho bado hakijaisha, na vidole vinasuka hata anapojibu salamu. "Kamwene," mpita njia humwambia. "Kamwene," hujibu yeye bila kuinua macho, maana akiyainua anaweza kupoteza hesabu ya milulu.

Hatua chache kutoka alipo, kijana amejaza mkononi mifuko mbadala ya kila rangi. Huyu anaita. Anafuata wanunuzi hadi kwenye ngazi za daladala, na biashara yake inakwenda. Watu watanunua mifuko yake mitano au sita kabla hajatokea mmoja wa kuuliza bei ya kikapu.

Anayetaka kujua nchi imejifunza nini kutokana na mambo yaliyoipata karibuni, asimame hapo asubuhi moja awatazame wawili hao. Ni darasa lililo wazi, nalo halina ada.

Aprili 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitangazia Bunge jijini Dodoma kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni tarehe 31 Mei mwaka huo. Juni mosi marufuku ikaanza. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya mwaka 2017. Tanzania Bara ilikuwa inaungana na majirani waliochoka kuona mitaro imeziba na ng'ombe wakifa na plastiki tumboni. Wiki zile za mwanzo zilikuwa na matumaini. Vikapu vilivyokuwa vimetundikwa darini vikashushwa, vikapigwa vumbi, vikaonekana tena sokoni. Wazee wa Iringa walitabasamu: waliona kitu chao kinaitwa kirudi kazini.

Hakikukaa. Mifuko mbadala ikajaa madukani. Ina sura ya kitambaa, inakunjika, ni rahisi, lakini mingi imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Baadhi ilikuwa myembamba kiasi kwamba Shirika la Viwango Tanzania lilibidi lishikilie kiwango cha uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba, na wakaguzi wakarudi sokoni kuitafuta isiyofikia hapo. Mfuko ulibadilishwa jina na rangi. Tabia ya kubeba kitu mara moja na kukitupa ilibaki palepale.

Marufuku ile iliuliza swali ambalo Wahehe wa Iringa walishalijibu kabla ya kiwanda chochote kujengwa: mtu abebee nini mzigo wake bila kuichafua nchi yake? Jibu lilikuwa linasukwa barazani. Serikali iliuliza, soko likajibu kwa haraka yake, na aliyekuwa na jibu sahihi hakuulizwa.

Jibu lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu.

Kikapu cha milulu huanzia kwenye kitako, na kitako ndicho kinachoamua yote. Milulu hukatwa mabondeni na kandokando ya mito, huanikwa juani hadi kijani chake kigeuke dhahabu, kisha hufungwa matita na kuwekwa mpaka kazi za shamba zipungue. Ikiwa kavu mno huvunjika, kwa hiyo kabla ya kusuka huloweshwa kidogo, kiasi cha kukubali kukunjwa. Kiasi hicho hakijaandikwa popote. Kimo kwenye ncha za vidole, na aliyekirithi amekirithi kwa kushika, kukosea na kushika tena.

Vijiti vya kwanza hukatizwa katikati. Hapo milulu miwili huanza kuvizunguka: mmoja unapita mbele ya kijiti, mwingine nyuma yake, kisha inapishana na kukikumbatia kijiti kinachofuata. Duru ya kwanza, ya pili, ya tatu, kitako kinapanuka. Vijiti vipya vinaongezwa vya zamani vinapoachana. Kikifika pembe ya kupandisha, vijiti vinakunjwa kuelekea juu na ukuta wa kikapu unaanza kusimama. Kuanzia hapo kazi ni ileile, mbele na nyuma, mbele na nyuma, siku kadhaa, mpaka ukingo.

Duru ya kwanza ikilegea, hakuna ustadi wa juu utakaoiokoa. Kikapu kitapanda, kitapendeza machoni, lakini siku kitakayobebeshwa debe la mahindi kitaegama upande mmoja na kumwaibisha aliyekisuka. Ndiyo maana anayejifunza hufumuliwa kazi yake. Bibi hapigi kelele wala hatukani. Anakichukua kikapu, anakigeuza, anakibonyeza kitako kwa kidole gumba, anavuta mlulu mmoja, na kazi ya asubuhi nzima inarudi kuwa rundo. "Anza tena, mjukuu wangu." Binti anameza machozi, anaanza tena. Akija kuolewa, akaanza nyumba yake, akapanda shamba lake, amekwisha kufundishwa mahali pa kutia uangalifu: mwanzoni, kabla ya mtu yeyote kuona.

Kuna kufumua na kuna kuficha. Katika kikapu hakuna mahali pa kuficha. Kila duru inaonekana ndani na nje, na msukaji mwingine akikishika anajua palepale ni wapi mwenzake alichoka, ni wapi aliitwa na mtoto akaacha kazi, ni wapi milulu ilikuwa mikavu mno. Leo barabara inazinduliwa kwa ngoma na mvua ya kwanza inaondoka nayo; jengo linapakwa rangi juu ya ufa. Kazi ambayo kosa lake linaonekana na kila anayeishika ni shule ya uaminifu, na wanawake wa Iringa wameiendesha shule hiyo bila ubao wala chaki.

Waliokulia Kalenga, Ifunda, Tosamaganga au Ilula zamani kidogo wanakumbuka nyumba ambamo kikapu kilikuwa na kazi kila siku. Kikapu kikubwa kilibeba mahindi kwenda mashineni na kurudi na unga. Kingine kilichuja pombe ya kienyeji, maana msuko wake ulishika machicha na kuachia kinywaji. Kidogo chenye mfuniko kilitunza mbegu. Na kulikuwa na kikapu cha msibani.

Hicho cha msibani kina habari yake. Mtu alipofiwa, wanawake wa kijiji walikwenda wakiwa na vikapu kichwani: unga, maharage, viazi, kile ambacho kila mmoja alijaliwa. Mizigo ilimiminwa jikoni kwa mfiwa, lakini vikapu vilibaki, kila kimoja kikijulikana ni cha nani kwa mkono uliokisuka. Baada ya matanga lilikuja jambo la kuvirudisha, na kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Mfiwa alitia chochote, hata konzi mbili za karanga, akakipeleka mwenyewe. Akakaribishwa, akakaa, akaulizwa hali. Wiki za kwanza za upweke zilijaa safari hizo ndogo za kurudisha vikapu. Hakuna aliyeziandikia ratiba, wala hakuna aliyeziita tiba ya majonzi, lakini ndivyo zilivyokuwa.

Mfuko wa kutupa haurudishwi. Anayeleta sukari msibani ndani ya mfuko anauacha mlangoni, na habari imeishia hapo. Siku hizi hata mlangoni hafiki, anatuma mchango kwa simu. Pesa inafika, nayo inasaidia, na hakuna wa kuikataa. Lakini ile sababu ya mfiwa kutoka nje na kwenda kuketi kwa jirani imeondoka pamoja na kikapu. Watu wanaoshangaa kwa nini mtaa umejaa watu na kila mmoja yuko peke yake, waanze kutafuta hapo.

Ulanzi nao umepita njia hiyo. Msimu wa mvua mianzi michanga inapokatwa vichwa asubuhi na jioni ili itoe utomvu wake, ni mwanzi wenyewe uliotoa chombo: mbeta, kipande cha mwanzi chenye kitako cha pingili, kikitundikwa kukinga na baadaye kikipokezanwa mkononi vilabuni. Mmea mmoja, kinywaji na chombo chake. Vilabu vingi leo vimehamia kwenye ndoo na vikombe vya plastiki, na kando ya barabara kuu ulanzi unauzwa kwenye chupa zilizokwisha kunywewa maji. Mianzi haijakauka Iringa. Kilichokauka ni subira ya kukata mbeta.

Mkoa huu una ushahidi wa zamani sana wa kazi ya mikono ya watu. Kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya Mbeya, liko korongo la Isimila, ambako mvua na upepo vimechonga nguzo za mchanga na kufukua zana za mawe. Katika miaka ya 1957 na 1958 mwanaakiolojia F. Clark Howell alichimba hapo na kukuta shoka za mawe zilizochongwa pande zote mbili, nyingine kubwa na nzito kuliko mahitaji ya mkono mmoja, zenye umri unaokadiriwa kupita miaka laki mbili. Anayezitazama anaona kwamba mchongaji hakuishia pale makali yalipotosha. Aliendelea hadi pande zikalingana. Kabla hakujawa na kijiji, soko, wala jina la kabila lolote, palikuwa na mtu wa nyanda hizi aliyekataa kuiacha kazi nusu.

Na historia iliyo karibu zaidi, ile ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nayo hufundishwa kwa mapigano: Lugalo mwaka 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, kifo chake mwaka 1898, fuvu lake kurudishwa mwaka 1954. Ni sawa yafundishwe. Lakini jeshi lile lilikula, na chakula kilibebwa ndani ya kitu. Nani aliyekisuka? Makumbusho ya Kalenga yanatunza fuvu la shujaa kwa heshima inayolistahili. Mikono iliyoilisha ngome haikuachiwa hata mstari mmoja vitabuni.

Ukiiacha Iringa na kushika barabara kuu kuelekea kusini-magharibi, ukapita Mafinga na Makambako, unaingia Mbeya baada ya zaidi ya kilomita 300. Kutoka hapo njia inapanda Tukuyu penye migomba na chai, kisha inateremka ghafla hadi joto la Kyela na Ziwa Nyasa, takribani mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mwisho wa njia ni Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Huko kuna darasa la pili, na vifaa vyake ni udongo.

Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo, jirani na Matema. Mitumbwi inatoka upande wa Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na maji, ikiwa imejaa vyungu na mitungi iliyotengwa kwa majani ili isigongane. Wanawake ndio wafinyanzi. Wanaume wengi ni wavuvi na ndio wapigao kasia. Mawimbi ya Nyasa yanajulikana kwa hasira, na chungu kilichochukua siku nyingi kinaweza kwenda chini kwa dakika moja. Hata hivyo Jumamosi ikifika vyungu viko mchangani, vimepangwa kwa ukubwa, na wanunuzi wameshuka kutoka Kyela, Tukuyu na Mbeya mjini.

Mnunuzi mzoefu hakitazami chungu kwanza. Anakibisha. Anakiinua kwa mkono mmoja, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Chungu kizima kinalia sauti moja iliyo wazi. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, kinatoa sauti iliyokufa. Mama wa Kikisi anasubiri kimya wakati kazi yake inahojiwa. Hana haja ya kuitetea kwa maneno. Chungu kitajisemea.

Kabla ya kufikia mlio huo, udongo umechimbwa, umetolewa mawe, umekandwa mpaka hewa yote imetoka. Umefinyangwa juu ya kigae kinachozungushwa kwa mkono, ukuta ukipandishwa taratibu na kusawazishwa. Umeachwa ukauke kivulini, maana jua likiuwahi unapasuka. Umesuguliwa ukang'aa, ukapakwa urembo, ndipo ukachomwa. Moto ndio mkaguzi wa mwisho: penye povu dogo la hewa lililosahauliwa wakati wa kukanda, chungu kinalipuka na wakati mwingine kinaondoka na cha jirani yake. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji, walikuwa wametazama kazi hii hasa, na waliuelekeza usemi huo kwa wazazi.

Mtungi wa maji una hekima ambayo Kyela inaihitaji kuliko Iringa yenye baridi. Ukuta wake una vinyweleo vidogo. Maji hupenya taratibu hadi nje, hukauka kwenye hewa, na yanapokauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hivyo, mchana jasho linapotiririka ufukweni, maji ya mtungini ni baridi bila umeme na bila bili. Nyumba nyingi ziliubadilisha mtungi huo kwa ndoo ya plastiki kwa sababu ndoo haivunjiki. Kisha zikaanza kuweka akiba ya kununua friji.

Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Yeyote aliyemwona mama yake akikohoa juu ya mafiga na macho yamekuwa mekundu hawezi kuulilia moshi. Uondoke. Misitu ya nyanda za juu nayo imekatwa vya kutosha. Ila kuna namna ya kupokea jambo jema kwa pupa hadi likafuta na lile lisilohusika. Mitungi ya gesi inapogawiwa, vyungu vinatolewa jikoni kama vile navyo vilikuwa moshi. Chungu cha udongo kinakubali moto wa gesi ukiwashwa mdogo na kupandishwa polepole, na maharage yaliyoivia humo hayahitaji kusifiwa kwa aliyewahi kuyala. Mtungi wa maji hauhitaji moto kabisa. Kampeni ya nishati safi ingeweza kumbeba mfinyanzi wa Ikombe pamoja nayo, ikamsaidia hata kupata tanuri linalotumia kuni chache. Hilo bado linawezekana.

Kati ya Mbeya na Iringa liko jambo la tatu, na hili ni zito kuliko yote. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji ya bonde la Usangu mkoani Mbeya, huyapitisha kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuendelea hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme. Mto huo ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka hifadhini kila kiangazi, viboko wakibanana kwenye vidimbwi vya tope. Yametajwa mashamba ya mpunga, mifugo mingi, ukataji wa miti kwenye vyanzo; mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na hifadhi ili Ihefu ipumzike. Mvutano kati ya mkulima, mfugaji, hifadhi na umeme haujaisha.

Milulu ni mmea wa majimaji. Bonde likikauka, kikapu hakipo. Msukaji analijua hilo bila semina, na namna yake ya kuvuna ina kanuni ndani yake: anakata, hang'oi. Shina likiachwa kwenye tope, mvua ijayo milulu inachipua. Likivutwa pamoja na mzizi, bonde linabaki na shimo. Anachukua urefu anaouhitaji, anaacha michanga ikomae, anahamia upande mwingine. Kama kila aliyechota Ruaha angechota kwa adabu hiyo, mto ungekuwa na maji Oktoba.

Iringa ina mfano mmoja unaoonyesha kwamba kazi ya mikono inaweza kubadilisha hata jinsi mji unavyowatazama watu wake. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianzishwa karakana ya Neema Crafts, ikianza na vijana watatu viziwi. Walitengeneza karatasi kwa mkono, wakaanzia hata kwenye kinyesi cha tembo, na kazi ikakua ikaongeza ufumaji, ushanga, ushonaji na mgahawa. Mgahawani wahudumu ni viziwi. Mteja huandika anachotaka au hujifunza ishara. Watu ambao mji ulizoea kuwaona wakiomba barabarani walionekana wakilipwa mshahara kwa kazi inayosafirishwa nje ya nchi. Hotuba nyingi zimetolewa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na zilihitajika. Lakini aliyeagiza chai hapo na kuletewa na kijana kiziwi mwenye fahari ya kazi yake alitoka na fundisho asilolisahau.

Pamoja na hayo yote, sanaa ya kusuka vikapu inapungua, na haipungui kwa sababu haipendwi. Vikapu vya Iringa vinauzwa Ulaya na Marekani, vikiwa vimeongezwa mishikio ya ngozi, na wanaovinunua wanavitundika mahali pa kuonekana. Wasukaji waliopata njia ya kuingia kwenye biashara hiyo wameweza kulipa ada za watoto. Wengi hawajaipata. Wanabaki barabarani, ambako mnunuzi wa nyumbani hupunguza bei hadi kazi ya siku kadhaa ikalingana na soda mbili tatu. "Mama, si majani tu haya?" huuliza. Mama hunyamaza, halafu huuza, maana jioni inakuja na nyumbani wanasubiri.

Mtoto wake amesimama kando, anasikia. Hapo ndipo sanaa inapofia. Binti anayesikia kazi ya mama yake ikiitwa majani tu hatakaa chini aishike. Atatafuta kibanda cha kuuza vocha, au ataondoka kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Wanaobaki, baadhi wameanza kusuka vikapu kwa mikanda ya plastiki: rangi kali, kazi ya haraka, mteja yupo. Umbo ni la kikapu, lakini hakijui bonde wala kiangazi, na kikitupwa hakiozi. Kwenye kicheni pati za Iringa na Mbeya, bibi harusi anapewa mabeseni, ndoo, sufuria na vyombo vya plastiki hadi vinafika darini, katikati ya mikoa miwili yenye wasukaji na wafinyanzi mashuhuri. Wakwe na mashangazi wanapiga vigelegele. Hakuna hata chungu kimoja.

Jambo hili halikupaswa kuwa hivi, na majirani wameonyesha njia. Uganda iliipeleka sanaa ya Baganda ya kutengeneza nguo za magome ya mti mbele ya UNESCO, ikatambuliwa mwaka 2005, na leo kazi hiyo ina jina duniani. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika mwaka 2011. Milulu ya Iringa na ufinyanzi wa Wakisi vinastahili kuandikwa, kupigwa picha na kupelekwa huko kabla mabibi wanaozijua hatua zote hawajaondoka.

Lililo karibu zaidi liko shuleni. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule isimtenge mtoto na kazi za jamii yake. Miaka mingi baadaye shule zikabaki na jembe la adhabu, kazi ya mikono ikawa fimbo. Sasa nafasi imerudi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na wanafunzi wa kwanza walianza Januari 2024. Panatajwa umeme, ushonaji, uashi, kilimo. Kwenye shule za Kyela na Iringa hakuna sababu ya kutotajwa ufinyanzi na ususi.

Walimu wapo, ingawa hawana vyeti. Nchi ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao umewapa vyeti mafundi uashi, maseremala, mafundi magari na wapishi. Mama wa Soko Kuu na mama wa Lyulilo nao wapimwe kwa utaratibu huo: mmoja abonyezwe kitako cha kikapu chake, mwingine agongwe chungu chake. Watafaulu.

Wakurugenzi wa halmashauri za Iringa na Kyela, maofisa utamaduni, wakuu wa shule zenye mkondo wa amali: mwaka huu wa masomo usiishe kabla hamjawaita wanawake hawa darasani na kuwalipa kama mnavyowalipa walimu wengine wa ufundi. Nawe msomaji unayekwenda kicheni pati Jumamosi ijayo, pita kwanza kwa msukaji. Ukitajiwa bei, ilipe yote.